Kupunguza tumbo kwa mwanamke: anza na dumu la mafuta, sitapu baadaye

Mwanamke akijiunga na kundi letu la mazoezi hapa Kisasa, Dodoma, ombi lake la kwanza huwa hili: "Mwalimu, nipe zoezi la tumbo." Nami humuuliza: nyumbani mnakula watu wangapi, na dumu la mafuta ya kula la lita 5 linakaa siku ngapi? Wengi hucheka. Wakishapiga hesabu, kicheko huisha.

Sitapu, lile zoezi la kulala chali na kuinua kiwiliwili, inakaza msuli ulio chini ya mafuta ya mwilini, lakini mafuta yenyewe haiyagusi. Mwili ukipungukiwa nishati huchota akiba yake sehemu zote, mgongoni, mapajani, usoni na tumboni, na huwezi kuupangia uanzie wapi. Kwa wanawake wengi tumbo ndilo linalosumbua, hasa baada ya miaka 45. Hedhi inapokaribia kukoma homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta yaliyozoea kwenda kwenye nyonga na mapaja huanza kujirundika kiunoni. Ndiyo maana mtu anakuambia, "Nakula vilevile kama zamani, lakini sketi hazifungi," na anasema kweli.

Basi fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

Hatua ya 1: Pima kiuno, na uhakikishe ni mafuta

Mizani iache kwanza, chukua futikamba ya fundi cherehani. Pima asubuhi, umeshatoka chooni na hujala kitu. Papasa pembeni utafute ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futikamba ipite katikati ya hapo pawili, siyo pale unapofungia sketi. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma namba, andika.

Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 uwezekano wa kupata kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo huongezeka. Kikizidi 88, hatari inakuwa kubwa. Sababu ni mafuta yanayokaa ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo. Yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, tunayoyaita nyama uzembe, yanakera macho zaidi kuliko afya. Habari njema ni kwamba yale ya ndani kwa kawaida hutangulia kupungua ukibadilisha chakula na kuanza kutembea.

Rudia kipimo kila baada ya wiki nne. Ukipima kila siku utajitesa bure, kwa sababu siku chache kabla ya hedhi mwili hushika maji na tumbo hujaa.

Halafu, si kila tumbo ni kitambi. Kama ukilala chali unagusa kitu kigumu chini ya kitovu, kama hedhi imekuwa nzito au ya kuganda mabonge, au kama tumbo linakua huku uso na mikono inakonda, nenda hospitali ukapige ultrasaundi. Uvimbe kwenye kizazi ni jambo la kawaida kwa wanawake wetu, na hakuna mazoezi yanayouondoa. Hedhi inayoruka miezi pamoja na ndevu kidevuni nayo ni ya kumwonesha daktari, maana huenda ni tatizo la homoni. Na kama kuna uwezekano wa mimba, pima mimba kwanza. Usicheke, hutokea.

Hatua ya 2: Andika tarehe kwenye dumu

Hapa ndipo pana kazi kubwa kuliko kwingine kote. Siku unayofungua dumu jipya la mafuta ya kula, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Likiisha, hesabu siku.

Familia ya watu watano ikimaliza lita 5 kwa mwezi, kila mmoja anakula kama mililita 33 kwa siku, zaidi ya vijiko viwili vya mezani. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120 hivi. Mama wa kilo 70 akitembea haraka kwa nusu saa anatumia kalori 120 hadi 150. Kwa hiyo kijiko kile ulichomimina bila kuangalia kinafuta matembezi yako ya asubuhi, na hapo hatujahesabu maandazi na chips zege za njiani, ambazo mafuta yake hayakutoka kwenye dumu lako.

Lenga lita 3 kwa mwezi kwa watu watano. Namna ya kufika huko:

- Usimimine kutoka kwenye dumu moja kwa moja. Pima kwa kijiko, kijiko kimoja cha mezani kwa kila watu wawili kwenye mboga.
- Kaanga kitunguu kwa mafuta hayo kidogo. Kikianza kushika sufuria ongeza nyanya au maji, siyo mafuta.
- Maharage yaliyochemka na kuungwa mara moja yanatosha. Ile tabia ya kuyakaanga upya jioni ndiyo inayomaliza dumu.
- Samaki na kuku: choma, chemsha au banika.

Kuna wanaonijibu kwamba wao wanatumia alizeti safi ya hapa kwetu na Singida, wamekamua wenyewe. Ni mafuta mazuri, hata mimi natumia hayo. Lakini gramu moja ya mafuta ni kalori 9, awe amekamua nani.

Baada ya mafuta, sukari. Vijiko vitatu vya chai kwenye kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36 au zaidi, na vijiko vyetu huwa vya kujaza mlima. Shirika la Afya Duniani linashauri tukiweza tusizidishe gramu 25 hivi kwa siku, yaani kama vijiko sita, na humo imo sukari ya soda na ya juisi. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hivi peke yake. Usiache ghafla. Punguza nusu kijiko kila wiki na ulimi utazoea.

Nigusie zabibu, kwa sababu tuko Dodoma. Msimu ukifika utamkuta mtu ameacha ugali ili apungue, kisha amekaa na kilo nzima ya zabibu mbele ya televisheni. Kilo ile ni karibu kalori 700. Kula mkono mmoja wa kujaza baada ya chakula, zitafune, usizikamue juisi. Mvinyo wetu nao, hasa ule mtamu, una kalori kama kinywaji kingine chochote cha kulevya. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo mkavu ni kama kalori 125, na mtamu unazidi hapo.

Hatua ya 3: Panga sahani upya

Nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali au wali, robo kitu cha kujenga mwili. Ugali uwe ukubwa wa ngumi yako, siyo ya mume wako.

Naulizwa kila mara kama ugali wa uwele au mtama unakata tumbo. Hapana. Kalori zake zinakaribiana na za sembe. Faida yake ni kwamba unga usiokobolewa una nyuzinyuzi, unashibisha mapema na njaa inachelewa kurudi. Dona ni vilevile. Kwa hiyo kula uwele kwa sababu utakula kidogo. Ukila tonge kubwa zile zile, hakuna kilichobadilika.

Mlenda ni silaha tuliyonayo Wagogo na majirani zetu, na bei yake ni ya chini. Ule mtelezo ni nyuzinyuzi zinazofanya chakula kikae tumboni muda mrefu. Tatizo ni karanga. Kijiko cha mezani cha karanga za kusaga kina kalori karibu 95, na kuna watu wanaweka kikombe kizima kwenye sufuria moja. Weka vijiko viwili kwa familia, ladha inabaki.

Cha kujenga mwili kisikosekane mlo wowote, na wengi wetu tunakosea asubuhi: chai na maandazi mawili, saa nne njaa inauma, kinanunuliwa chochote kinachopita. Kula mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu, au maharage yaliyobaki jana. Mchana na jioni kuna choroko, kunde, dagaa, perege wa Mtera, nyama isiyo na mafuta. Unapopunguza chakula mwili unaweza kula misuli yako pia, na chakula hiki pamoja na mazoezi ya Hatua ya 5 ndivyo vinavyoilinda.

Kwa wanaokula mchana kwa mama lishe, sema mapema kabla hajapakua: "Dada, wali niwekee nusu, mboga niongezee." Hakuna atakayekukatalia. Na mnada wa Msalato siku ya Jumamosi sikukatazi. Nyama choma na kachumbari havina neno, chagua isiyo na mafuta ya kuning'inia. Kinachokuponza pale ni ndizi za kukaanga na chupa zinazofuatana.

Kula baada ya saa kumi na mbili jioni hakugeuzi chakula kuwa mafuta. Kiasi cha siku nzima ndicho kinachoamua.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni, nyingi zinakuharisha tu. Unapoteza maji, ukinywa maji uzito unarudi. Mkanda wa kubana nao unatoa jasho. Limao na tangawizi ni kinywaji kizuri, basi.

Hatua ya 4: Tembea

Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukizoea, panda taratibu hadi dakika 300. Kwa hapa Dodoma wakati mzuri ni saa kumi na mbili asubuhi. Oktoba na Novemba jua la saa tatu tayari ni kali. Mwezi wa sita hadi wa nane kuna baridi na upepo wa vumbi, vaa kitambaa puani. Nendeni wawili au watatu, kwa usalama na kwa kuvutana. Wafanyakazi wa mji wa serikali wa Mtumba wanaokaa kwenye kiti kutwa nzima, shukeni kituo kimoja kabla.

Hatua ya 5: Mazoezi ya nguvu, siku mbili au tatu kwa wiki

Hii ndiyo wanawake wanaikimbia wakihofia kuwa na misuli kama ya mwanaume. Haitatokea kwa kubeba ndoo. Jimu huhitaji. Fanya kila zoezi mara 10 hadi 12, pumzika dakika moja, rudia hadi seti tatu:

1. Kaa na usimame kwenye kiti bila kushika. Ukizoea, ondoa kiti na uchuchumae.
2. Lala chali, kunja magoti, nyanyua nyonga juu, kaza makalio, shuka taratibu.
3. Pushapu za ukutani. Zikiwa rahisi, hamia kwenye ukingo wa meza imara.
4. Inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta ndoo yenye maji lita 5 kuelekea kiunoni, mkono mmoja baada ya mwingine. Ongeza maji kila ukiona ni nyepesi.
5. Beba ndoo mbili, tembea nazo hatua 40 ukiwa wima. Hili halina seti ya kurudia mara 10, ni mizunguko mitatu tu. Tumbo nalo linakaza.

Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anaponyanyua, na aanze baada ya kuongea na daktari. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki.

Hatua ya 6: Sasa tumbo lenyewe

Kwanza jikague. Lala chali, magoti yamekunjwa, weka vidole juu kidogo ya kitovu, nyanyua kichwa. Ukihisi bonde linalomeza zaidi ya vidole viwili, misuli ya katikati iliachana wakati wa ujauzito na haijarudi. Wengi wanaishi nalo miaka bila kujua, wakidhani ni mafuta. Kwako wewe sitapu zinaweza kulisukuma tumbo nje zaidi. Fanya badala yake: piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu hadi tano, badilisha. Kila unapotoa pumzi, vuta kitovu kuelekea uti wa mgongo. Bonde likiwa kubwa, muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Asiye na bonde anaweza kuongeza zoezi la ubao: viwiko na vidole vya miguu chini, mwili umenyooka, sekunde 20 kwa kuanzia.

Hatua ya 7: Lala

Kwa muda wa saa saba au zaidi kila usiku. Aliyelala kwa muda wa saa tano tu huamka akitaka sukari.

Hatua ya 8: Wiki nne zimepita, futikamba haijasogea

Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na wengine huona mabadiliko usoni na kwenye nguo za mikono kabla ya kiunoni. Kama kweli hakuna kilichobadilika popote, andika kila unachotia mdomoni kwa siku tatu, pamoja na kuonja jikoni na makombo ya watoto. Mara nyingi jibu linaonekana hapo. Lisipoonekana, na uzito ulianza kupanda baada ya kuanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, rudi kliniki umwambie muuguzi. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito kwa sindano hiyo, na njia nyingine zipo. Usiache mwenyewe kimya kimya. Ukiwa huko huko, omba kupimwa sukari na shinikizo, na kama unahisi baridi na uchovu kila wakati, omba wakupime na tezi ya shingo.