Geji inayodanganya na tanki linalokataa kujaa: kagua hewa na waya kabla ya kununua floti

Wiki hii peke yake nimepokea magari matatu hapa Tororo, Uganda, yote na lalamiko moja: geji ya mafuta haiaminiki, na kwenye kituo pampu inakata kila baada ya sekunde mbili kana kwamba tanki limejaa. Wawili kati ya wenye magari hayo walikuwa wamekwisha kununua floti, kile kifaa cha ndani ya tanki kinachoiambia geji kiasi cha mafuta. Mmoja alinunua mara mbili. Inaniuma mtu anapolipia kifaa ambacho hakikuwa na kosa, ndiyo maana nimekaa kuandika somo hili.

Nianze na huyo wa floti mbili. Ni mwalimu, ana Corolla 110, tanki lake la lita 50. Shida ya kwanza ilikuwa mshale kulala ghafla kila akipita kwenye tuta. Fundi wa huko alikokuwa akashusha tanki zima akaweka floti mpya. Kuanzia siku hiyo ikazuka shida ya pili: akisema "jaza", mhudumu anahangaika na nozeli, pampu inakata, na mshale unaishia robo tatu. Akauziwa floti nyingine. Mshale ukabaki palepale.

Nilipoinua gari niliona mpira wa briza, ule wa kutoa hewa ya tanki, umebanwa kati ya tanki na bodi. Ulikuwa bapa kama mkanda wa suruali, na pale ulipokunjika umepata mwatuko mweupe. Aliyerudisha tanki hakuuvuta pembeni. Hewa ilikosa pa kutokea, kwa hiyo mafuta yalikuwa yakirudi juu shingoni na pampu kukata kabla tanki halijajaa. Geji ilikuwa inasema kweli! Mwalimu alikuwa hajawahi kupata tanki lililojaa tangu siku ile. Na ule mshale uliolala kwenye matuta? Skrubu ya athi, ile inayounganisha umeme wa floti na bodi ya gari, ilikuwa na kutu chini ya kiti cha nyuma. Floti yake ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo fuateni mpangilio huu, msiruke.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni nani anayedanganya

Tafuta jerikeni safi ya mafuta unayoijua kipimo, faneli, karatasi na kalamu. Endesha hadi taa ya mafuta iwake, lakini usisubiri gari lizime, kwa sababu pampu nyingi za petroli zimo ndani ya tanki na hupozwa na mafuta hayohayo. Egesha mahali tambarare. Mimina lita 5, washa swichi bila kuwasha injini, subiri dakika moja au mbili, andika mshale uko wapi. Zima swichi, mimina lita 5 nyingine, andika tena. Kusubiri ni muhimu: geji nyingi zimetengenezwa ziende polepole ili mshale usichezecheze mafuta yanapotikisika.

Mimina taratibu sana. Ukimimina taratibu hewa hupata nafasi ya kutoka kwenye shingo ileile, hata kama briza imeziba. Kwa hiyo kama mshale unafika F kwa jerikeni lakini haufiki kwa pampu ya kituo, acha geji, nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Usitegemee nusu ya mshale iwe nusu kamili ya lita. Tanki si sanduku, lina mabonde ya kukwepa ekseli na ekzosi. Unachotafuta ni mshale unaopanda bila kuruka na bila kukwama.

Tafadhali, jerikeni likijazwa kituoni liwe chini ardhini, si kwenye buti wala juu ya boda boda. Umeme tuli unaweza kuwasha mvuke wa petroli.

Hatua ya 2: Fyuzi na geji nyingine

Dakika mbili tu. Kama geji ya joto nayo imekufa au inasoma vibaya, mara nyingi kosa liko dashibodi au kwenye fyuzi, si kwenye tanki.

Hatua ya 3: Plagi ya floti na athi

Kwenye Corolla na saluni nyingi za Kijapani, inua kalio la kiti cha nyuma utaona kifuniko cha bati. Hakuna haja ya kushusha tanki. Fungua milango yote, asiwepo mvutaji sigara, na pangusa vumbi kabla ya kugusa chochote. Sisi wa barabara za murram tunakuta udongo mwekundu umeganda pale kama keki, na ukifungua bila kusafisha wote unaingia kwenye mafuta.

Floti yenyewe ni kitu rahisi: boya kwenye mkono wa waya. Boya likipanda au kushuka, kidole cha chuma kinateleza juu ya kibao chenye ukinzani, na geji inasoma umeme unaopita. Kwenye Toyota nyingi za zamani ukinzani ni kama ohm 3 tanki likijaa, na kama ohm 110 likiwa tupu.

Chomoa plagi, washa swichi. Kwenye Toyota hizo mshale unatakiwa ulale E. Sasa chukua balbu ndogo ya dashibodi, unganisha waya wa floti na athi kupitia balbu hiyo. Mshale ukipanda kuelekea F, waya na dashibodi ni vizima. Kosa liko kwenye floti au athi yake. Usipopanda, fuata waya kwenda mbele. Hakikisha unagusa waya wa floti na si wa pampu ya mafuta, maana mara nyingi ziko kwenye plagi moja. Magari ya aina nyingine huenda kinyume, yaani ukichomoa mshale unapanda, hivyo usishtuke. La maana ni mshale kutembea kutoka mwisho hadi mwisho. Na kama geji ya gari lako inapita kwenye kompyuta, achana na balbu, tumia mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Halafu athi. Weka testa (mita ya kupimia umeme) kwenye ohm, waya mmoja kwenye athi ya floti, mwingine kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Unataka karibu na 0. Hebu piga hesabu nami: ohm 20 za kutu ukizijumlisha na ohm 3 za tanki lililojaa unapata 23, na geji itasoma kati ya nusu na robo tatu. Ukikwangua kutu hiyo, ukakaza skrubu na kupaka grisi kidogo, umemaliza kazi kwa dakika 10.

Hatua ya 4: Kutoa floti

Hapa sasa toa waya hasi wa betri kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya gari na kwenye sakafu, usiamini kwamba umepotea kwa sababu huunusi.

Unganisha testa, inua mkono wa floti polepole kwa kidole. Namba zibadilike kwa mtiririko. Zikiruka au kupotea mahali fulani, kibao kimelika mahali hapo. Na angalieni panapolika: karibu siku zote ni sehemu ya chini. Sababu naijua, ni namna tunavyonunua mafuta. Tuseme lita ni shilingi 5,000. Mtu wa 20,000 anaweka lita 4, kesho tena 4. Boya linaishi miaka mingi chini ya robo, linasugua palepale. Kibao kikiwa kichafu tu, safisha kwa kitambaa laini na spiriti. Msasa hapana, unamaliza kilichobaki.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani, limetoboka na linazama, ndiyo maana geji inasoma chini. Mkono ukiwa umepinda, ufananishe na picha ya kifaa kipya kabla ya kuunyoosha. Ukirudisha, weka gaskiti mpya. Gaskiti ya zamani iliyovimba itakuletea harufu ya petroli ndani ya gari lenye watoto.

Hatua ya 5: Tanki linalokataa kujaa

Nozeli ya kituo ina tundu dogo karibu na ncha. Mafuta yakifunika tundu hilo, nozeli inajikata yenyewe. Haijui kama tanki limejaa. Inajua tu kwamba mafuta yamefika shingoni. Kwa hiyo chochote kinachozuia hewa kutoka kitaikata.

Jaribu kwanza kituo kingine, mwambie mhudumu abonyeze nusu na ageuze nozeli kidogo pembeni. Ikikubali, gari lako halina kosa. Ikikataa kila mahali, ingia chini. Fuata mpira wa briza kuanzia shingoni hadi tanki kwa mkono wako, si kwa macho tu, maana pale unapobanwa mara nyingi hapaonekani. Angalia kama shingo imebonyea, hasa gari lililowahi kugongwa nyuma. Chomoa briza juu, fungua kifuniko cha tanki, puliza kwa pampu ya baiskeli: hewa ipite bila kushindana nawe. Msitumie kompresa kwa nguvu zote, mtavunja vali ndogo zilizo juu ya tanki.

Kwenye magari mapya zaidi hewa hupitia kopo la mkaa linalonasa mvuke. Hili huuawa na tabia moja: kuongeza na kuongeza baada ya pampu kukata, ili shilingi zifike namba kamili. Mafuta yanaingia kwenye mkaa, mkaa unaloa, hewa haipiti tena. Pampu ikikata mara ya kwanza na tanki limejaa kweli, mwambie mhudumu aache.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nina Noah, naishi Mbale. Nikipanda Kapchorwa mshale unashuka, nikishuka unarudi. Nibadilishe floti?*

Hapana kaka. Kwenye mlima mafuta yanakimbilia nyuma ya tanki na boya liko mahali pamoja. Soma geji ukiwa tambarare. Ukiona mshale unaruka hata tambarare, hapo rudi hatua ya 3.

*Habari fundi, niko Busia. Nikifungua kifuniko nasikia "fyuuu", na safari ndefu gari linapoteza nguvu kama kilomita 40 hivi. Nikifungua na kufunga linaendelea vizuri. Geji inahusika?*

Geji haihusiki, dada, lakini usilicheleweshe jambo hili. Shika kipande cha kavera (mfuko wa plastiki) mdomoni mwa tanki unapofungua. Kikisukumwa nje, ni mvuke wa joto, na kidogo ni kawaida. Kikivutwa ndani, tanki halivuti hewa, na pampu inanyonya kwa shida. Je, ulibadilisha kifuniko, ukaweka cha kufuli? Vingine havina vali ya kuingiza hewa. Pia angalia mpira wa kopo la mkaa unaofunguka nje. Mwaka jana nilitoa humo kiota cha nyigu, kipande cha udongo mgumu kama chaki, nilipokivunja kilikuwa kimejaa buibui wakavu. Tanki likinyonywa muda mrefu linaweza kujikunja kwa ndani, na hapo boya litaanza kugonga bati na geji nayo itaharibika.

*Mzee, Subaru yangu ya kuvuta miguu yote inasema nusu, halafu inazima kama haina mafuta. Floti nimepima, iko sawa.*

Umepima moja au mbili? Tanki lako lina matumbo mawili, kwa sababu shafti ya nyuma inapita katikati, na kila tumbo lina floti yake. Kuna kinyonyo kidogo ndani kinachohamisha mafuta kwenda upande wenye pampu. Kikiziba, mafuta yanabaki upande mmoja, geji inayahesabu, pampu haiyafikii. Fungua vifuniko vyote viwili chini ya kiti, ulinganishe kina cha mafuta.

*Mimi naendesha Canter ya dizeli, njia ya Malaba hadi Kampala. Pampu inakata ikiwa bado nusu, povu linatoka. Ni briza?*

Inaweza kuwa, lakini anza na povu lenyewe. Dizeli hutoa povu, na kwenye pampu za malori zenye kasi kubwa povu linafika tundu la nozeli mapema. Jaza kwa kasi ndogo, pumzika nusu dakika, endelea. Kama hata polepole inakata, hapo kagua briza.

*Fundi, tanki langu linavuja kidogo tu kwenye mshono. Kuna jirani ana mashine ya kuchomelea, anasema nimwage mafuta anichomee leo.*

Usikubali. Tanki lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Mvuke unajificha kwenye mishono na kwenye kutu. Kwa leo, kausha sehemu hiyo, sugua kipande cha sabuni ya mche hadi kiingie kwenye ufa. Petroli haiyeyushi sabuni kwa haraka. Gari lilale nje, mbali na jiko. Kesho tafuta tanki jingine zima, au mtu mwenye kazi ya kusafisha na kuziba matanki, na umuulize analisafishaje kabla hujamkabidhi.