SOMO: Ule nini siku ya kukimbia na siku ya kupumzika kama unataka misuli ijae

Habari za saa hizi wadau, hasa watu wangu wa Tanga mnaopiga tizi jioni na wale wa kukimbia alfajiri barabara ya Raskazone. Kuna jambo naliona kwa vijana na linaniuma kweli. Mtu ananyanyua vyuma siku nne kwa wiki, siku hizo anakula vizuri hakuna ubishi, alafu siku ya kukimbia anakula kidogo eti asirudishe alichochoma, na siku ya kupumzika ndo anajinyima kabisa, asubuhi chai ya rangi, mchana anapitisha, usiku ugali na mchicha basi. Miezi inakatika mwili uko pale pale, anaanza kusema vyuma havimkubali. Vyuma vinamkubali sana tu, shida ni zile siku tatu nyingine, zinakula kila alichokipata kwenye hizi nne.

Naomba hili liingie kichwani kabla hatujafika kwenye sahani. Misuli haikui wakati umeshika chuma. Ukimaliza mazoezi mwili unaanza kutengeneza protini mpya za misuli, na kazi hiyo inaendelea saa 24 mpaka 48. Yani ukipiga kifua Jumatatu jioni, Jumanne unayoiita siku ya kupumzika mwili ndo uko kazini kwelikweli, na wewe ndo siku umeamua kuunyima chakula. Kwaiyo protini haina mapumziko, ni ile ile siku zote saba. Kinachopanda na kushuka ni wanga, na wenyewe haushuki kama watu wanavyofikiri.

Hatua ya kwanza, jua uzito wako na unakotaka kwenda. Jipime asubuhi ukishatoka chooni, kabla hujatia kitu mdomoni, mara tatu au nne kwa wiki kisha tafuta wastani, mana uzito wa siku moja unadanganya, ukila chumvi tu jana usiku leo mzani umepanda. Anaejenga misuli bila kitambi aongezeke kama robo mpaka nusu ya asilimia moja ya uzito wake kwa wiki. Mwenye kilo 70 hiyo ni gramu 175 mpaka 350, najua inaonekana ndogo ila ndo mwendo wake. Ziada ya kalori 250 mpaka 300 kwa siku inatosha kuanzia.

Hatua ya pili, funga protini yako. Chukua uzito wako zidisha mara 1.6, hizo ndo gramu za protini kwa siku. Unaweza kwenda mpaka 2.2, kupita hapo huongezi misuli, unaongeza gharama. Kilo 70 inakuja gramu 112, tuseme 115. Sasa hapa watu wanaogopa wakidhani lazima kopo la unga wa protini, hapana, tupo mji wa bahari jamani. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maziwa gramu 8, mtindi nusu lita 16 au 17. Kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Samaki aliyeiva gramu 100 za nyama tupu, awe kibua, changu au jodari, unapata 20 mpaka 25. Dagaa wakavu ndo usiseme, gramu 100 zinapita gramu 50 za protini.

Panga hivi: asubuhi mayai matatu na chai ya maziwa, mchana maharage kikombe na samaki kipande kikubwa cha kama gramu 150, jioni mtindi nusu lita na ngumi moja ya karanga, usiku samaki tena kipande cha wastani au dagaa. Ukijumlisha unakuta gramu 115 au 120, na bado sijahesabu ile iliyomo kwenye ugali, wali na chapati. Hiyo orodha iandike ubandike jikoni, siku ya vyuma, ya mbio, ya kulala, haibadiliki.

Hatua ya tatu, siku ya kukimbia. Kanuni nyepesi ya kukumbuka, kukimbia kunachoma karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 70 ukikimbia kilomita 5 umetumia kama 350. Na kumbuka ziada yako ya kujengea ilikuwa 300, kwaiyo usiporudisha hizo 350 leo hujajenga kitu, uko chini ya sifuri. Lazima uzirudishe, na uzirudishe kwa wanga, sio kwa chips za kuogelea kwenye mafuta. Gramu 250 za wali uliokwisha iva zinakaribia hapo, au chapati moja kubwa na ndizi mbivu, au mihogo ya kuchemsha na asali kidogo. Ukiwa unakimbia alfajiri mbio fupi za dakika 30 hata ndizi moja na maji yanatosha kabla, chakula chenyewe kula ukirudi. Zikiwa ndefu zaidi ya saa, usitoke na tumbo tupu.

Na joto letu hili mnalijua, saa mbili asubuhi umelowa kama umetoka kuogelea. Jipime kabla na baada ya kukimbia, kila kilo moja iliyopungua ni maji, kunywa kama lita moja na nusu kwa ajili yake taratibu sio kwa mkupuo. Dafu ni zuri lina potasiamu nyingi ila chumvi yake ndogo, na jasho linatoa chumvi, kwaiyo usiogope mchuzi uliokolea chumvi siku hiyo kama huna presha.

Kuna wanaosema kukimbia kunaua misuli. Hili lina historia yake. Mtafiti wa Marekani Robert Hickson mwaka 1980 alichapisha utafiti wa watu waliofanya vyuma na mazoezi ya pumzi, yani kukimbia na baiskeli, kwa pamoja wiki 10, nguvu zao zikapanda mpaka wiki ya saba au ya nane alafu zikaanza kushuka. Watu wakashika hapo tu. Hawasemi kwamba wale walikuwa wanapiga vyuma siku tano na pumzi siku sita kwa wiki, hiyo nani kati yetu anaifanya? Mbio mbili tatu za nusu saa kwa wiki hazikuui, njaa baada ya mbio ndo inakuua. Tenganisha tu na siku ya miguu, au ziachane saa sita hivi. Na kama una baiskeli, Tanga nani hana baiskeli, itumie badala ya kukimbia wiki ambazo miguu imechoka, baiskeli haitwangi miguu kama lami.

Hatua ya nne, siku ya kupumzika, na hapa nitakaa kidogo mana ndo kiini. Protini ile ile. Wanga punguza kidogo tu ukilinganisha na siku ya vyuma, kama chapati moja au miko miwili ya wali, ukilinganisha na siku ya mbio ndo unaondoa lile rudisho la 350. Usifute wanga wote, misuli uliyoitumia jana inajaza akiba yake ya sukari na inachukua mpaka siku nzima kujaa vizuri, ukiinyima kesho utaingia kwenye vyuma mikono mizito, uzito uliokuwa unanyanyua mara kumi unaishia mara saba.

Sahani ya siku hii ibadilike sura. Nenda kwa mama ntilie yeyote pale sokoni Mgandini uangalie anavyopakua, wali mlima, maharage vijiko viwili pembeni, kibua kimoja chembamba kimelazwa juu kama pambo. Mwambie kwa heshima, mama leo naomba wali nusu, maharage mengi na samaki wawili. Mara ya kwanza atashangaa, ya pili anakuzoea. Mboga za majani jaza, tembele, mchicha, kisamvu, na matunda usiache, machungwa ya Muheza yakiwa kwenye msimu hakuna sababu ya kukosa.

Sasa tui. Chakula chetu cha pwani bila nazi hakiendi na sikwambii uache, ila kikombe kimoja cha tui zito kinapita kalori 400 na karibu zote ni mafuta, protini humo ni kiduchu. Mbaazi za nazi, samaki wa nazi, wali wa nazi, kisamvu cha nazi, vyote siku moja, hapo ziada ya 300 ilishapita zamani na hujui. Siku ya kupumzika nazi iingie kwenye chungu kimoja tu, na mpishi atumie tui la pili, lile jepesi, hilo zito la kwanza liache kwa siku ya mbio au ya vyuma. Mafuta yenyewe usiyaondoe kabisa, mwili unayahitaji kwa homoni, kwa mwenye kilo 70 gramu 50 mpaka 70 kwa siku ni sawa, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni gramu 14, kwaiyo pima kwa kijiko usimimine kwa macho.

Hatua ya tano, fuatilia wiki tatu. Uzito haupandi kabisa, ongeza kalori 150, anzia siku ya kupumzika. Unapanda haraka na suruali inabana tumboni, punguza wanga wa siku ya kupumzika na mafuta, protini usiiguse.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makorora: Kaka mimi nafunga sunna Jumatatu na Alhamisi, naharibu mwili?

Huharibu kaka, Allah akutakabalie. Zifanye hizo ndo siku zako za kupumzika, vyuma viweke Jumapili, Jumanne, Jumatano na Ijumaa, mbio Jumamosi. Daku usiache, mayai matatu, mtindi na kiporo cha maharage. Futari anza tende na maji, kisha samaki na maharage kabla hujafika kwenye tambi na vitumbua, na kabla ya kulala kunywa maziwa. Milo mitatu kati ya futari na daku inafikisha gramu zako.

Dada wa Chumbageni: Mi mwanamke, nikila hivi siku za kupumzika si nitanenepa? Nataka makalio na miguu tu.

Dada yangu, makalio nayo ni misuli, yanajengwa kwa chakula hicho hicho. Hesabu ni ile ile, kilo zako mara 1.6. Wewe ziada iwe ndogo, kalori 150 mpaka 200. Na tafadhali usifute chakula siku za hedhi, kama ni nzito kula maini, dagaa na mboga za majani sana, damu inayotoka inaondoka na madini chuma.

Mdau wa bandarini: Siku yangu ya kupumzika ndo nabeba mizigo, nifanyeje?

Hiyo sio siku ya kupumzika mkuu, hiyo ni siku ya mbio na pengine zaidi. Kula kama hatua ya tatu, ubwabwa mchana usipunguze, na beba karanga na ndizi mfukoni. Vyuma punguza viwe siku tatu, tafuta siku moja usiyobeba chochote.

Mzee wa Pongwe: Nina miaka 58, nimeanza mazoezi baada ya kustaafu. Hii inanihusu?

Shikamoo mzee wangu. Inakuhusu sana. Umri ukienda mwili unahitaji protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja ili misuli iitikie, kama gramu 0.4 kwa kila kilo yako. Ukiwa na kilo 75 ni gramu 30 kila mlo, kwaiyo isiwe asubuhi chai na andazi alafu nyama yote usiku. Ila kama una sukari, presha au tatizo lolote la figo, muone daktari kwanza kabla ya kuongeza protini, hilo nakuomba.

Mdau wa Sahare: Mayai mabichi si ndo yanajenga haraka? Jimu wote wanakunywa.

Waache. Yai bichi mwili unafyonza karibu nusu tu ya protini yake, la kuiva inafika asilimia 90. Na juu ya hapo bichi linaweza kuwa na vimelea vya kukuharisha, ukiharisha siku mbili umepoteza wiki. Chemsha.

Mdau wa Mabawa: Na supu ya pweza je? Siku ya kupumzika nikipiga bakuli mbili jioni imetosha?

Inategemea kilichomo bakulini. Nyama ya pweza aliyeiva gramu 100 ina karibu gramu 30 za protini na mafuta kidogo sana, hapo umepata kitu hasa. Mchuzi peke yake ni chumvi, pilipili na ladha. Muuzaji akikuuliza mchuzi au vipande, chukua vipande, mikono na kichwa vyote, alafu mchuzi akuongezee.