Omba Kukiona Kibahasha cha Dawa

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, tumefika Mbagala na gari la wagonjwa. Mama wa miaka sitini na kitu kalazwa mkekani, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikamuuliza kijana wake, "Mama anaumwa nini?" Akanijibu, "Haumwi kitu, kafunga tu."

Tukapima sukari: 1.9 mmol/L, iko chini mno. Tukampa dekstrosi (maji ya sukari) kwenye mshipa, akafumbua macho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Tukaona ni swaumu, tukamwacha nyumbani. Baada ya saa tatu tukaitwa tena. Safari hii alikuwa na degedege. Tulipomwinua, mkwewe akafungua pindo la khanga yake. Kulikuwa na kibahasha cha karatasi kimeandikwa 1x2: glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Alikinywa kidonge daku, na daku yenyewe ilikuwa chai tupu. Alilazwa, akapona, lakini kosa lile ni langu.

Kijana hakunidanganya. Kwa watu wengi, kuumwa ni kulala kitandani. Sukari na presha mtu anaishi nazo. Kwa hiyo siku hizi nasema hivi: "Kuna dawa anayokunywa kila siku, ya sukari, presha au kifafa? Naomba niione." Kisha: amekunywa saa ngapi, na alikula nini baada ya hapo? Muulize anayempikia, maana mara nyingi aliyepiga simu ndiye aliyefika mwisho. Angalia chini ya mto, kwenye mkoba, juu ya friji. Mitishamba iulizie kwa upole, ukikaripia utafichwa. Maswali ya ARV au ujauzito yasubiri mkiwa ndani ya gari, ndugu wakiwa hawapo.

Ukikuta glibenklamidi, mgonjwa haachwi nyumbani hata kama amekaa anaongea. Dawa hiyo inaweza kuendelea kushusha sukari kwa saa 24, na zaidi kwa mzee au mwenye figo dhaifu, wakati dekstrosi uliyompa inaisha mapema. Pima tena kila dakika 15 njiani. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe kitu cha kula. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni.

Kwenye fomu usiandike "hana historia ya ugonjwa". Andika "kijana wake anasema hana", ili daktari ajue bado kuna wa kuulizwa. Na kibahasha usikiache kwenye shuka la machela: mkabidhi daktari mkononi.