Kuanza sayansi ukubwani: kamba, kifuniko cha kopo na jua la Kusini

Mtu mzima anayetaka kurudi kwenye sayansi mara nyingi huanzia pale alipoachia shuleni. Anatafuta kitabu cha fizikia cha kidato cha kwanza, anasoma jioni baada ya kazi, akifika sura ya tatu kitabu kinapanda kabatini na hakishuki tena. Kosa si umri. Sura ya kwanza inajibu maswali ambayo yeye hajawahi kujiuliza, na hakuna mwalimu wa kumlazimisha avumilie. Kwa anayejisomea, mpangilio ugeuzwe: pima kitu kwanza, upate namba yako mwenyewe inayokukera, ndipo ufungue kitabu kutafuta sababu.

Kwa mkazi wa Mtwara au Lindi, kitu cha kupima kilicho karibu na bure ni jua. Anza kati ya Juni na Septemba: anga ni safi, pesa za korosho hazijaanza kukimbizana, na saa sita mchana hakuna anayepuliza salfa kwenye mikorosho.

Tafuta mti mnyoofu au bomba lenye urefu wa zaidi ya mita moja, kifuniko cha kopo, uzi mwembamba mita mbili, nati nzito, futi ya fundi, ubao mpana na karatasi nyeupe ya kuubandika juu. Toboa kifuniko katikati kwa msumari wa inchi tatu, upate tundu la milimita 4 hivi. Kifunge kileleni mwa mti kikiwa kimelala na tundu likiwa nje ya mti, kisha simamisha mti kando ya ubao. Pitisha uzi tunduni, ning'iniza nati hadi ikaribie kugusa karatasi, na pale inapotulia weka alama ya msalaba. Rekebisha mpaka kimo cha tundu kutoka kwenye ubao kiwe sentimita 100 kamili. Uzi sasa unaweza kuutoa.

Kwa nini tundu, badala ya ncha ya kivuli cha mti? Kwa sababu jua lina upana wa nusu digrii angani, na kivuli cha mti wa mita moja huishia kwa ukungu wa karibu sentimita nzima. Watu wawili wakipima kivuli hichohicho watakupa majibu mawili. Tundu linatupa kiduara cha mwanga chenye kitovu, na kitovu kinapimika. Na kwa nini timazi, yaani ule uzi wenye nati? Mti ukiegama kwa sentimita 1.75 tu kileleni, hiyo tayari ni digrii moja. Ukipima kutoka kwenye msalaba ulio chini ya nati, na si kutoka kwenye shina la mti, mti unaweza kuegama utakavyo na kipimo kikabaki kizima. Fundi uashi yeyote wa mtaani atakuelewa kabla hujamaliza kueleza.

Anza saa tano na dakika 45. Kila dakika 5 weka nukta katikati ya kiduara na uandike saa pembeni yake, mpaka saa sita na dakika 45. Nukta zitajipanga kwenye mstari unaoukaribia msalaba kisha unauacha. Ile iliyo karibu zaidi na msalaba ndiyo adhuhuri halisi ya hapo ulipo, na mstari kutoka msalabani hadi kwenye nukta hiyo unaelekea kaskazini na kusini halisi, kwa uhakika kuliko dira ya simu.

Karibu na tarehe 21 Juni, hapa Mtwara umbali wa nukta hiyo kutoka msalabani ni kama sentimita 67, kuelekea kusini. Septemba 22 au 23 unashuka hadi 18. Kuelekea tarehe 20 Oktoba kiduara kinaangukia juu ya msalaba wenyewe: jua liko utosini. Baada ya hapo mwanga unahamia upande wa pili, na kufikia tarehe 21 Desemba utapata sentimita 23 kuelekea kaskazini, mawingu yakiruhusu. Jua linarudi utosini karibu na tarehe 21 Februari. Lindi tofauti ni ndogo, chini ya sentimita moja.

Namba ya kwanza ya kukukera ni saa. Adhuhuri halisi ya Mtwara haiji saa sita kamili. Tarehe 20 Oktoba inakuja saa sita na dakika 4 hivi. Tarehe 21 Februari, saa sita na dakika 33. Sehemu ya jibu ni kwamba saa ya Tanzania imewekwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, nasi tuko digrii 40 na kidogo. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4, kwa hiyo tunachelewa dakika 19. Tofauti inayobaki, ya kuongeza au ya kupunguza, inatokana na dunia kuegama na kulizunguka jua kwa mwendo usio sawa. Ukishaona tofauti hiyo kwa karatasi yako, sura ya mizunguko ya sayari haitakulaza usingizi.

Namba ya pili inahitaji ndugu aliye Dar es Salaam, naye awe na kifuniko na timazi. Pimeni siku moja, kila mtu kwa adhuhuri yake. Tuseme Septemba 22 wewe umepata sentimita 18.1, yeye 11.9. Gawa kila kimoja kwa 100, kisha bonyeza tan⁻¹ kwenye kikokotoo cha simu (simu nyingi huonyesha kitufe hicho ukiilaza). Utapata digrii 10.26 na 6.79; tofauti ni 3.47. Umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya miji hii ni kilomita 385 hivi. Zidisha 385 kwa 360, gawa kwa 3.47: mzingo wa dunia unakaribia kilomita 40,000. Njia ni ileile aliyoitumia mwanazuoni wa Kigiriki Eratosthenes nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Si lazima iwe Septemba: siku yoyote jua likiwa kaskazini mwa miji yote miwili, tofauti ya pembe haibadiliki.

Hesabu hii huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuchukua kilomita za basi. Barabara ya Dar hadi Mtwara ni karibu kilomita 560 kwa sababu inafuata madaraja na miji. Ukiziweka hizo, dunia inavimba hadi kilomita 58,000. Chukua umbali wa ramani, na uwe wa kaskazini–kusini tu. Ya pili ni timazi mbovu upande mmoja: digrii moja ya kosa juu ya 3.47 ni zaidi ya robo. Ukipata kati ya 37,000 na 43,000, vifaa vyako viko sawa. Usirekebishe namba ili ifanane na ya kitabu. Daftari lenye namba zilizopakwa rangi halifai hata kuwashia jiko. Na ukijiuliza aliyechora ramani alizipata wapi kilomita zake, liandike swali hilo. Ni zuri kuliko hesabu yenyewe.

Sasa kitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule. Aliyeishia darasa la saba alisoma sayansi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza kinamgeukia kwa Kiingereza. Usipigane na mambo mawili kwa wakati mmoja. Soma mada hiyo kwanza katika kitabu cha msingi, darasa la tano hadi la saba, halafu ndipo ufungue cha sekondari ukiwa unajua kinachosemwa. Daftari lako ligawe kurasa mbili: kushoto neno la kitabu, kulia maelezo yako kwa Kiswahili, bila kunakili. Kwa istilahi, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Nakala ukiipata usiiachie.

Hisabati usiirudie yote kutoka mwanzo, utachoka kabla ya kufika. Rudi kwa kipande kinachokukwamisha tu. Kwa kazi ya jua ni uwiano, desimali, na tanjenti, ambayo hapa ni umbali wa nukta kutoka msalabani kugawa kwa kimo cha tundu. Bila kikokotoo, chora pembetatu ya sentimita 10 kwa 1.8 na upime kwa kipimapembe: inasoma digrii 10.

Video ni nzuri lakini zinadanganya: ukiangalia unahisi umeelewa. Kipimo ni kufunga simu, kuchukua karatasi tupu na kueleza kwa maandishi na mchoro. Ukikwama mstari wa tatu, hapo ndipo pa kurudi. Dakika 30 kila siku zinashinda Jumapili nzima.

Anayekaa ufukweni ana kazi ya pili. Chimbia nguzo yenye alama kila sentimita 10 mahali maji yanapofika, kisha andika saa ya maji kujaa kwa mwezi mzima. Kila siku itasogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unasogea. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo; maji mafu, yanaposogea kidogo, huja katikati. Mama anayeokota chaza Mikindani anajua ratiba hiyo kichwani. Mwulize kwanza, halafu mlinganishe.

Kemia ianzie jikoni. Chemsha choya (rosela), chuja, gawa kwenye glasi tatu: tone la ndimu linazidisha wekundu, magadi yanageuza kuwa kijani au bluu, ya tatu iache ya kulinganishia. Kamwe usichanganye dawa ya kupaukishia nguo na ndimu, siki au asidi yoyote; inatoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Na maganda ya korosho si ya majaribio ya ndani: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unachoma macho.

Ukifika hatua ya kutaka cheti bila kuwa umesoma sekondari, njia huanzia kwenye Mtihani wa Maarifa wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ndipo kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kabla ya kulipa chochote, uliza kituo kama kina maabara inayofanya kazi na nani atakusimamia kwa vitendo. Penye jibu la kusitasita, tafuta kituo kingine.