Kupanga Fedha za Sikukuu kwa Mwaka Mzima: Mwongozo kwa Waishio Ughaibuni

Mwaka wa kwanza niliporudi Dar es Salaam kwa Krismasi nikitokea Uingereza, nilinunua tiketi nne mwezi Novemba kwa kadi ya mkopo, nikajiambia kwamba deni hilo litakwisha kufikia Pasaka. Lilikwisha Agosti, wakati tiketi za Desemba iliyofuata zilikuwa tayari zimeanza kupanda bei. Kosa langu halikuwa ubadhirifu, kwa kuwa orodha ya zawadi ilikuwa fupi na hotelini hatukulala hata usiku mmoja. Kosa lilikuwa kuichukulia sikukuu kama dharura, ilhali tarehe yake hujulikana mwaka mzima kabla haijafika, na kudhani kwamba gharama zake ni za Desemba peke yake.

Kazi ya kwanza, ambayo yafaa ifanyike mwishoni mwa Januari kumbukumbu zikiwa bado mbichi, ni kuchukua taarifa ya benki ya Novemba, Desemba na Januari na kuandika kila shilingi au pauni iliyotoka kwa sababu ya sikukuu. Andika kilichomo katika taarifa, si unachokikumbuka, kwa maana kumbukumbu hubakiza nauli na zawadi na kuyaacha mengine yote. Familia inayoishi Uingereza, yenye watoto wanaotumia pasipoti za nchi hiyo, hulipia viza ya Tanzania ya dola 50 kwa kila mmoja wao. Safari ikifika Unguja au Pemba, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 iko bima ya lazima ya Zanzibar kwa wageni, ambayo kwa mtu mzima ni dola 44. Vidonge vya kinga ya malaria kwa wasafiri, kwa kawaida, havilipiwi na huduma ya afya ya umma, na mtoto aliyezaliwa ng'ambo hana kinga yoyote ya mwilini dhidi ya ugonjwa huo, hivyo gharama hiyo si ya kukwepwa. Kisha kuna nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, Tanga au Songea, katika majuma ambayo kila mtu anakwenda kwao na kiti cha basi hutafutwa kwa kujuana.

Baada ya hayo huja fungu ambalo watu huona haya kuliandika, nalo ni la mikono: noti anayopewa shangazi wakati wa kuagana, mchango wa harusi iliyopangwa makusudi wakati wewe upo, mafuta ya gari la mjomba aliyekupokea uwanjani. Methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone ilikusudiwa kumkaribisha mgeni, lakini kwa anayetoka ughaibuni hutekelezwa neno kwa neno. Fungu hili lisipoandikwa halipungui hata senti moja. Hulipwa na kodi ya nyumba ya Februari.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne, kwa viwango vya kukadiria tu: nauli ya ndege pauni 3,400; viza, bima na dawa 500; nauli za ndani 250; zawadi 300; chakula na matumizi ya nyumbani 600; mikono na michango 700; na akiba ya yasiyotarajiwa 250. Jumla ni pauni 6,000. Wengi wataigawa kwa 12 na kupata 500 kwa mwezi, lakini mimi hushauri kuigawa kwa 11, ambayo ni kama pauni 546, na kuuacha mshahara wa Desemba nje kabisa ya hesabu. Waajiri wengi wa Uingereza hulipa mshahara huo kabla ya Krismasi badala ya mwisho wa mwezi, na unaofuata hauji hadi mwisho wa Januari, kwa hiyo fedha zilizozoea kufika wiki nne hutakiwa kufika wiki tano au hata sita. Wakenya huiita hali hiyo Njaanuari, na atokaye likizo huikuta mlangoni.

Kugawa sawasawa bado hakutoshi, kwa sababu gharama zenyewe hazianguki siku moja. Nauli, ambayo katika mfano wetu ni zaidi ya nusu ya jumla, hulipwa mapema kuliko zote. Aliyeanza kuweka pauni 546 tangu mshahara wa Januari atakuwa na 4,368 baada ya mshahara wa Agosti, kiasi kinachotosha kununua tiketi zote kwa fedha taslimu na kubakiwa na karibu pauni 1,000. Anayeanza Juni ana mishahara sita tu hadi Novemba, yaani pauni 1,000 kila mwezi, na kama kiasi hicho hakiwezekani, uamuzi wa busara ni kuahirisha safari hadi mwaka unaofuata huku akiendelea kuweka. Sioni aibu yoyote katika kwenda nyumbani mara moja kila miaka miwili. Aibu ninayoijua ni ya kurudi ughaibuni na kuomba mshahara wa mapema kazini.

Wapo wanaopunguza nauli kwa kuwatoa watoto shuleni kabla ya kufungwa. Kwa wanaoishi England, hesabu hiyo haina budi kujumuisha faini: tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 baada ya hapo. Wazazi wawili wenye watoto watatu huanzia pauni 480, na mara nyingi hicho ndicho kiasi walichodhani wamekiokoa.

Mpangilio wa mishahara hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kila mmoja una mlango wake. Marekani, ambako wengi hulipwa kila baada ya wiki mbili, mwaka huwa na malipo 26, na kwa sababu hiyo miezi miwili huwa na malipo matatu badala ya mawili. Aliyezoea kuishi kwa malipo mawili anaweza kuyaelekeza hayo mengine moja kwa moja kwenye tiketi. Uholanzi sheria humpa mfanyakazi posho ya likizo isiyopungua asilimia 8 ya mshahara wa mwaka, ambayo kwa kawaida hulipwa Mei. Ujerumani waajiri wengi huongeza fedha za Krismasi kwenye mshahara wa Novemba, ingawa si wote, na kwa nauli huwa zimechelewa.

Kwa anayesherehekea Idi, hesabu ina mtego wake, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355 na sikukuu hutangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka. Idi ya Mfungo Mosi mwaka 2025 ilikuwa tarehe 30 au 31 Machi kulingana na mwandamo, na ya 2026 ikawa karibu na tarehe 20 Machi. Anayelipwa tarehe 28 ya kila mwezi alipata mishahara 11 tu kati ya sikukuu hizo mbili, kwa sababu mshahara wa Machi 2025 uliingia kabla ya Idi ya kwanza, na ule wa Machi 2026 ukaingia baada ya Idi ya pili kupita. Tena Idi mbili hufuatana kwa muda wa kama wiki kumi: kwanza futari inayopelekwa nyumbani mwezi mzima, kisha fitri, ambayo lazima itoke kabla ya swala, nguo za watoto, na muda si mrefu mbuzi wa kuchinja Mfungo Tatu. Fedha ya mbuzi itumwe mwezi mmoja kabla, maana katika wiki ya mwisho muuzaji anajua kwamba huna pa kwenda.

Kuhusu mahali pa kuziweka, kibubu cha kisasa ni akaunti ya pembeni ambayo fedha huhamia zenyewe siku ya mshahara, kabla hujaanza kufikiria jambo jingine. Upatu au chama pia hufaa sana ikiwa wanachama wanajuana na zamu yako imepangwa Julai au Agosti, tiketi zinapotakiwa. Zamu ya Desemba haina msaada kwa nauli. Lakini fahamu kwamba kijumbe, yaani anayekusanya fedha za kundi, akitoweka hakuna taasisi itakayokurudishia chochote, ilhali akiba iliyoko benki Marekani inalindwa hadi dola 250,000 na katika Umoja wa Ulaya hadi yuro 100,000. Uingereza kulikuwa na mpango wa kuweka fedha za Krismasi ulioitwa Farepak, ambao ulianguka Oktoba 2006 wakati familia nyingi za kipato cha chini zilikuwa zimekwisha kulipa karibu mwaka mzima. Fedha hizo hazikuwa na ulinzi ambao akaunti ya benki ingewapa, na wiki chache baadaye Krismasi ilifika.

Gharama zitakazolipwa nyumbani ziandikwe kwa shilingi, si kwa pauni wala dola, kwa sababu ada za shule na mchele hazijui kwamba sarafu yako imeshuka. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na mwishoni mwa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Ada ya shilingi 160,000, iliyohitaji dola 1,000, ikahitaji zaidi ya dola 1,200. Tanzania mambo yaliangukia msimu wenyewe, shilingi ilipopanda thamani kwa kasi mwishoni mwa 2024, na waliorudi Desemba wakiwa na dola mfukoni walipata shilingi pungufu kuliko walivyohesabu Oktoba. Ongeza asilimia 10 juu ya fungu la nyumbani, na ada za Januari zitume zikiwa zimekamilika kabla ya safari. Unapotuma, linganisha kiasi kitakachomfikia mpokeaji, wala usilinganishe makato peke yake, kwa kuwa kampuni inayojitangaza kwamba haikati kitu huenda inakata kwenye kiwango cha kubadilisha. Walioko Marekani wakumbuke pia kwamba tangu 1 Januari 2026 fedha zinazotumwa nje kwa kulipa taslimu hutozwa kodi ya asilimia 1, na zinazotoka kwenye akaunti ya benki au kadi za nchini humo hazitozwi.

Bajeti ambayo ndugu hawaijui, hata hivyo, huvunjika siku ya pili baada ya kutua. Mwezi Septemba mchague mtu mmoja nyumbani ambaye wengine humsikiliza, umweleze wazi. Mimi humwandikia dada yangu mkubwa: «Shikamoo dada. Inshallah tunakuja Desemba, watu wanne. Nimetenga milioni mbili za chakula cha nyumbani, na milioni mbili na laki mbili za mikono na michango yote. Naomba zikae kwako, wewe ndiye unayejua nani ana shida ya kweli.» Mara ya kwanza nilidhani atachukizwa. Alijibu kwa orodha ya majina kumi na tisa, akaondoa matatu niliyokuwa nikiyalipa kila mwaka kwa woga, na akaongeza moja la mama mjane, jirani yetu, ambaye mimi nilikuwa sijamkumbuka kabisa.

Ukisharudi, kabla ya risiti kupotea kwenye mifuko ya masanduku, fungua tena ile orodha na uandike kilichotumika pembeni ya kilichopangwa. Mstari wa kuuangalia kwa makini ni ule ulioandikwa «mengineyo». Kwangu ulikuwa wa tatu kwa ukubwa, na nilipoupasua nilikuta zaidi ya nusu yake ni muda wa maongezi na vifurushi vya intaneti nilivyowanunulia watu. Mwaka huu vina mstari wao.