Somo: Kubadilisha jeti za kurudishia maji kwenye bwawa la kuogelea

Ninatunza mabwawa ya nyumba za wageni na ya watu binafsi hapa Bagamoyo, na hakuna juma linalopita bila mtu kuniuliza namna ya kubadilisha jeti zilizochakaa. Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa ujumbe wa sauti, na kila mara muulizaji husahau hatua ileile inayoharibu kazi nzima. Kwa hiyo naandika somo hili mara moja, nikiomba lisomwe mpaka mwisho kabla ya mtu kushika spana.

Jeti ni lile tundu la ukutani ambalo maji yaliyokwisha kuchujwa hupitia kurudi bwawani. Ina sehemu tatu: shina lenye thredi (meno ya kukazia) linaloingia ukutani, gololi yenye tundu katikati ambayo huzungushwa ili kuelekeza maji, na pete inayoibana gololi isitoke. Jua na klorini huifanya plastiki kuwa kavu na yenye unga unga, pete hupasuka, na gololi hulegea kiasi kwamba ukiielekeza kushoto asubuhi, jioni unaikuta inatazama juu.

Kabla ya yote, tambua ni sehemu gani iliyochakaa. Mara nyingi ni gololi na pete tu, na hizo hubadilishwa ndani ya maji bila kupunguza hata ndoo moja. Watu wengi humwaga maji ya thamani kwa kazi ambayo ingekwisha kwa kuzamisha mikono hadi mabegani. Hatua zifuatazo zinamhusu mwenye bwawa la zege anayebadilisha pamoja na shina.

Hatua ya 1. Soma geji ya presha kwenye chujio wakati pampu inafanya kazi, kisha uandike namba hiyo.

Hatua ya 2. Shusha maji hadi kiasi cha sentimita 10 chini ya jeti, ukivuta kupitia tundu la chini la bwawa huku valvu ya skima (mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu) ikiwa imefungwa, ili pampu isije ikavuta hewa. Usigeuze mkono wa valvu ya chujio pampu ikiwa inazunguka.

Hatua ya 3. Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu, siyo kwenye saa ya kujiwashia pekee, na umwambie kila aliyepo nyumbani kwamba hairuhusiwi kuwashwa.

Hatua ya 4. Fungua pete kinyume cha mwendo wa saa, toa gololi, kisha fungua shina. Likiwa limeshikwa na chokaa, kama yanavyoshikwa mengi katika mabwawa yanayojazwa maji ya kisima, lifunike kwa kitambaa kilicholowa siki, uliache saa moja, kisha ujaribu tena kwa upole. Thredi za ukutani zisafishe kwa mswaki wa zamani na siki hiyohiyo, kamwe usitumie brashi ya waya.

Hatua ya 5. Linganisha thredi. Hapa ndipo ninapoomba utulivu wa msomaji, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua jeti nne za inchi moja na nusu kwa ajili ya nyumba moja ya wageni, nikazichagua kwa macho, nikaamini kwamba inchi moja na nusu ni inchi moja na nusu popote duniani. Ya kwanza iliingia mizunguko mitatu ikakaza. Nilidhani ni mabaki ya chokaa, nikachukua spana, nikaisukuma mpaka ikakaa. Nilijaza maji, nikakabidhi kazi, na baada ya siku mbili mlinzi akanipigia kwamba maji yanashuka kila usiku. Tundu la ukutani lilikuwa limepasuka ndani ya zege. Tulivunja vigae, tukachimba hadi kufikia bomba zima, tukaunganisha upya na kuziba, na bwawa likafungwa majuma mawili wakati nyumba imejaa wageni. Gharama yote niliibeba mimi, na ilikuwa haki niibebe.

Sababu yake ni hii. Katika kipimo cha Kiingereza, thredi za inchi moja na nusu ni 11 kwa kila inchi. Katika kipimo cha Kimarekani ni 11 na nusu, na zimepunguzwa unene kuelekea ncha, kama kabari. Vipenyo vyake vinakaribiana sana, ndiyo maana kimoja huingia ndani ya kingine mizunguko michache na kumdanganya fundi. Ukiendelea kulazimisha, ile kabari hulipasua tundu la ukutani.

Kwa hiyo: usiende dukani bila shina la zamani mkononi. Ligusanishe na jipya, thredi kwa thredi, uyainue kwenye mwanga. Kama ni ndugu, meno yatalala kila moja katika bonde la mwenzake kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mwanga kupenya. Kama si ndugu, ukifika thredi ya saba au ya nane utaona yameanza kupandana. Muuzaji akikwambia "zote sawa hizo", mshukuru na uende duka la pili. Ukutani nako, ingiza shina jipya kwanza bila tepu yoyote. Likikataa baada ya mizunguko miwili au mitatu, litoe. Usiliongezee nguvu.

Jambo la pili katika hatua hiihii ni upana wa tundu la gololi. Anayetoa gololi zenye tundu la robo tatu ya inchi na kuweka za nusu inchi amepunguza njia ya maji kwa zaidi ya nusu, na presha ya chujio itapanda. Ndiyo sababu nilisema uandike namba ya geji.

Hatua ya 6. Zungusha thredi tepu mara tatu kwenye shina, kwa kufuata mwendo wa saa ukiitazama ncha yake, ili isichanuke wakati wa kukaza. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko, basi. Gundi ya mabomba usiipake kwenye thredi.

Hatua ya 7. Weka gololi, funga pete kiasi cha kuibana bila kuizuia kugeuka, jaza maji hadi nusu ya mdomo wa skima, toa hewa kwenye chujio, washa pampu, kisha usome geji tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga mjini: Fundi, jeti yangu inavuja. Nifanyeje?

Jibu: Inavuja wapi? Ni bwawa la zege au la karatasi ya plastiki? Maji yanashuka kiasi gani kwa siku, na pampu ikiwa imezimwa yanashuka vilevile? Nijibu haya, ndipo nitakapoweza kukusaidia.

Mwanachama, Bagamoyo: Sina muda wa kwenda na shina dukani. Nitajie tu aina ya kununua.

Jibu: Siwezi kuzitambua thredi za ukuta wako nikiwa nyumbani kwangu. Soma hatua ya 5.

Mwanachama, Bagamoyo: Pamoja na heshima zote, fundi wangu alipaka gundi ya mabomba kwenye thredi, na mwaka wa pili huu haijavuja tone. Naona unawatisha watu bure.

Jibu: Sijasema kwamba itavuja, ndugu yangu. Ninachosema ni kwamba jeti ni kitu cha kuchakaa, na kitu cha kuchakaa hakigundishwi ukutani. Siku itakapovunjika hutaweza kuifungua, na utakayemwita atalazimika kuikata ndani ya tundu kwa msumeno mdogo, akiomba asiziguse thredi za ukuta. Kazi hiyo nimeifanya baada ya mafundi wengine, nami sitaacha kuionya.

Mwanachama, Pangani: Shikamoo, fundi. Mimi ni mtunza nyumba, nimejifunza kazi hii mwenyewe. Jeti zangu ni mpya, lakini tangu upepo wa kaskazi uanze majani yanakusanyika kona iliyo mbali na skima, ilhali wakati wa kusi hayakukaa pale. Je, nimezielekeza vibaya?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Hukukosea, upepo ndio uliogeuka, na umefanya vyema sana kuliona hilo. Skima huvuta uso wa maji tu, kwa hiyo jeti zinapaswa kuuzungusha uso huo mpaka uifikie skima. Elekeza zote upande mmoja kufuata ukuta, ili bwawa lizunguke kama chai iliyokorogwa, na uziinamishe chini kidogo ili maji ya kilindini nayo yasogee. Ile iliyo karibu na kona yenye majani iinue kidogo isukume uso. Usiziinue zote, kwa kuwa maji yanayorukaruka juu hupandisha pH (kipimo cha tindikali ya maji) na hupotea kwa mvuke. Kupima, chukua machungwa matatu ambayo hayajamenywa, ambayo huko kwenu hayakosekani kwa kuwa Muheza si mbali, uyatupie sehemu tofauti, kisha uyafuate kwa macho kwa robo saa. Chungwa linaposimama ndipo maji yaliposimama. Kusi ikirejea, rudia jaribio.

Mwanachama wa Pangani: Nimejaribu. Mawili yalifika skima, la tatu liliganda kwenye ngazi.

Jibu: Ngazini hukwama karibu kila bwawa. Geuza gololi ya jeti iliyo jirani itazame ngazi moja kwa moja, na sehemu hiyo uisugue kwa brashi kila juma, maana mwani, ule ukijani wa majini, huanzia hapo. Nitafurahi ukituletea matokeo.

Mwanachama, Tanga: Baada ya kubadilisha, jeti zinatoa mapovu mfululizo. Je, nimefunga vibaya?

Jibu: Kosa haliko kwenye jeti. Maji hutoka pale kwa kusukumwa, kwa hiyo palipolegea maji yangetoka nje, hewa isingeingia. Hewa huingia upande unaovutwa: kifuniko cha pampu, oringi yake (pete ya mpira ya kuzibia), au maji kuwa chini ya mdomo wa skima. Oringi ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka mwilini huivimbisha na kuilegeza.

Mwanachama, Bagamoyo: Kwa kuwa nitashusha maji, nataka niyamalize maji yote nipake bwawa rangi. Ni sawa mwezi wa nne?

Jibu: Hapana, tafadhali. Hiyo ni masika, na huku kwetu pwani maji ya ardhini hupanda karibu sana na uso wa nchi. Bwawa tupu ni kama mtumbwi uliofukiwa: maji ya chini yanaweza kuliinua na kulipasua. Subiri kiangazi, na hata wakati huo chimba kwanza shimo pembeni uone maji yako umbali gani.

Mwanachama, Tanga: Naongeza dokezo. Pete ikiteleza mkononi, mimi huifunga ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha nafungua kwa mkono. Haikwaruzi plastiki kama spana.

Jibu: Nimeijaribu leo asubuhi kwenye pete iliyonishinda tangu jana, nayo imefunguka. Naiongeza kwenye hatua ya 4. Asante sana, ndugu.