Jinsi ya kumfanya mtoto wa Form Two aanze kukiota chuo, kwa walimu wa Mwanza na visiwani

Walimu wenzangu mnaofundisha Form One na Form Two, haya nayaandika hasa kwa sisi wa huku ziwani, kuanzia Buhongwa na Igoma mpaka Sengerema na Ukerewe, maana watoto wetu ukiwauliza unataka kuwa nani wanajibu haraka sana, daktari, rubani, mwanajeshi, ila ukiuliza huo udaktari unasomewa wapi na unaingiaje, darasa zima kimya. Mtoto anaanza kukiota chuo vizuri pale anapokijua, kina jina, kina geti, kuna njia ya kufika, na ye mwenyewe anajua sa hivi amesimama wapi kwenye hiyo njia.

Anza na vya hapahapa. Vyuo vya Dar na Dodoma vitakuja baadae, kwanza waambie mji wao una nini. SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, iko Malimbe, mtoto wa Nyegezi anapishana na wanachuo kila siku kwenye daladala. CUHAS, chuo kikuu cha afya, iko Bugando, pale mlimani, jengo watoto wanaliona wakiwa nusu ya mji huu na wengi wanajua ni hospitali tu, hawajui kama madaktari wanafundishwa palepale. Butimba kuna chuo cha ualimu, Pasiansi wanafundisha askari wa wanyamapori, Nyakato kuna VETA, yaani chuo cha ufundi stadi, halafu CBE ya biashara na IFM ya fedha nao wana matawi hapa. Halafu kuna FETA ya Nyegezi, chuo cha uvuvi, hiki usikipite haraka hasa kama shule yako iko karibu na mwalo. Mtoto aliyekulia Kirumba au Kayenze anajua nyavu, anajua dagaa wanaanikwaje, anajua sato na sangara kwa kuwaangalia tu, siku akisikia hayo yana chuo na watu wanapata vyeti kwa kuyasoma, utaona anavyokaa vizuri kwenye dawati.

Zoezi ninalolipenda ni hili. Wape wiki nzima, kila mmoja aandike watu watatu aliowaona wakifanya kazi, wasiwe walimu wala ndugu. Watakuja na nesi wa Sekou Toure, fundi wa kuchomelea, afisa uvuvi, mtu wa benki, nahodha wa kivuko. Kisha mnarudi nyuma pamoja ubaoni, huyu kafikaje hapa, alisoma nini, wapi, na Form Four alihitaji masomo gani. Daraja la Kigongo–Busisi limenisaidia sana kwenye hili, lina kama kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, na watoto wengi wameshapita juu yake au wana ndugu aliyekuwa anapanga foleni ya kivuko enzi zile. Uliza tu, nani alipima maji yale yana kina gani, nani alipiga hesabu za nguzo, nani alikuwa anapima zege maabara, nani alichomelea vyuma. Unapata mpima ardhi, mhandisi, fundi sanifu, fundi wa VETA, wote kwenye daraja moja, na kila mmoja ana chuo chake.

Sasa sehemu nyeti, na hapa naomba tusiwe na haraka. Shule nyingi mtoto akimaliza Form Two ndo anachagua abaki na sayansi au aende arts, na wengi wanachagua kwa kufuata rafiki au kwa kumuogopa mwalimu wa Fizikia. Hajui kwamba ukitupa Fizikia na Kemia umefunga mlango wa afya karibu wote, hata ule wa stashahada. Kwa mfano stashahada ya utabibu inataka angalau ufaulu wa masomo manne na ndani yake kuwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia, hata kwa D. Yaani binti anayetaka kuwatibu watu, D yake ya Fizikia ina kazi kubwa kuliko anavyodhani, mwambie hivyo kabla hajaiacha, asiambiwe Form Four wakati imeshapita. Na anayeenda arts aende kwa sababu anataka sheria, uandishi wa habari, ualimu, uchumi, awe anaijua kombi anayoifuata, yaani ule mchanganyiko wa masomo ya Form Five na Six.

Chora njia zote mbili, tafadhali. Njia ya kwanza wanaijua kidogo, Form Four unapata angalau C tatu zinazofanya kombi, Form Five na Six, halafu unaomba chuo kikuu. Ya pili ndo hatuisemi na ndo inayookoa watoto wengi, kwamba ukiwa na D nne bado unaweza kuingia astashahada, ukapanda stashahada, ukipata GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 na kuendelea vyuo vingi vinakuruhusu kuomba shahada. Inachukua muda lakini inafika kulekule. Mimi naona kosa kubwa tunalowafanyia watoto ni kuwaambia bila Form Five maisha yameisha, mtoto wa wastani anasikia hayo Form Two tu na anaanza kuhesabu siku za kuacha shule.

Kama mko mjini, omba mkuu wa shule awaandikie barua chuo kupitia ofisi ya mlezi wa wanafunzi, chukua ridhaa za wazazi, mwende siku ya kawaida ya masomo ili wakute watu darasani na maktaba. Waache waulize maswali yao, chakula bei gani, hosteli mnalala wangapi, ukisapu (ukirudia mtihani uliofeli) inakuwaje, bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) linaingia lini. Walioko Ukara au Kome safari ni ngumu na hela hamna, nyie tafuteni mwanachuo wa kijijini kwenu akirudi likizo, aje akae na watoto, asije na hotuba, aje na kitambulisho chake cha chuo na madaftari yake. Na akiwa ni wa kike aliyesoma shule ileile, ana nguvu kuliko mimi na wewe.

Mabinti wanahitaji kusikia na hili waziwazi, tena mbele ya wazazi: tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Kuna wazazi hawajui mpaka leo.

Wazazi watakwambia, mwalimu, chuo ni cha watoto wa wenye hela. Usibishane nao, wape mambo yalivyo. Ada ya Form One mpaka Four ilifutwa shule za serikali kuanzia Januari 2016, Form Five na Six kuanzia 2022/23. Chuo kikuu kuna mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya serikali, na tangu 2023/24 umefika mpaka stashahada kwa baadhi ya fani. Waambie pia kwamba ni mkopo kweli, akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize, mzazi akijua ukweli wote anakuamini zaidi. Na useme kwamba sio kila anayeomba anapata.

Jambo la mwisho ni la karatasi na wengi wanaliona dogo. HESLB wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na majina yanatakiwa yafanane na ya vyeti vya shule. Huku kwetu mtoto anaandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, nyumbani anaitwa lingine, cheti hakuna kabisa. Form Two ni wakati mzuri wa kurekebisha maana bado ana miaka miwili kabla cheti chake cha Form Four hakijaandikwa. Kabla ya kusajili majina ya mtihani wa Form Two, kaa na rejista, waite mmoja mmoja, linganisha herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa, asiye nacho mpe mzazi barua aende ofisi ya mkuu wa wilaya akaulizie usajili wa RITA, na umwekee tarehe ya kukurudishia jibu.